Kifo cha rafiki: Michezo ya skrini inavyofichua majonzi ya watoto

WAHENGA walisema kifo cha wengi ni harusi. Maana yake ni kwamba msiba ukibebwa na watu wengi, uzito wake hugawanyika, na aliyefiwa hupata nguvu za kuamka siku inayofuata.

Jijini Nairobi, methali hii huonekana ikitenda kazi kila wiki. Nyakati za jioni, kamati za mazishi hukutana katika mikahawa na kumbi za makanisa katikati ya jiji kuchangisha pesa za jeneza, usafiri na gharama za hospitali. Ifikapo mwisho wa wiki, magari yaliyofungwa vitambaa vyekundu huchukua maiti kutoka mochari za upande wa magharibi, zikiwemo Chiromo, Lee na ile ya jiji iliyo karibu na Barabara ya Ngong. Mengi kati ya magari hayo hupita Westlands na kufuata Waiyaki Way kuelekea mashambani.

Hata hivyo, katika umati huo wa waombolezaji kuna kundi ambalo aghalabu husahaulika. Hawa ni watoto, hasa wale waliofiwa na rafiki wa kucheza naye. Mjane ana kiti chake mbele ya jeneza. Wazazi, ndugu na mashemeji hutajwa kwenye tangazo la tanzia gazetini. Rafiki wa umri wa miaka minane hatajwi popote. Maiti ikisafirishwa mashambani, yeye husalia mtaani, na mara nyingi huambiwa tu kwamba mwenzake amesafiri au amelala.

Uchungu wa aina hiyo si jambo geni Nairobi. Mnamo Septemba 23, 2019, siku ya Jumatatu asubuhi, jengo la shule moja mtaani Ngando, kando ya Barabara ya Ngong, liliporomoka wanafunzi wakiwa ndani. Watoto wasiopungua saba walifariki, na makumi ya wengine wakakimbizwa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Mjadala wa siku zile ulihusu ubora wa jengo na nani alistahili kulaumiwa, na ilikuwa haki ujadiliwe. Lakini kila mtoto aliyekufa alikuwa na mwenzake wa dawati, na mwenzake huyo alirudi nyumbani akiwa hai na maswali tele.

Miaka sita kabla ya hapo, Septemba 21, 2013, magaidi waliposhambulia jumba la Westgate mtaani Westlands na kuua watu 67, shindano la upishi la watoto lilikuwa likiendelea katika eneo la kuegeshea magari la jumba hilo. Na katikati ya jiji, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie Avenue, bustani ya kumbukumbu ina majina ya waliouawa katika shambulio la bomu la Agosti 7, 1998. Watu 213 walifariki Nairobi siku hiyo. Waliokuwa watoto wakati huo sasa ni watu wazima, baadhi yao wakiwa na watoto wao wenyewe.

Je, mtoto hufanya nini na kifo cha rafiki yake? Swali hili limejibiwa kwa uzito na kazi mbili za skrini zilizoundwa mbali kabisa na nyingine. Ya kwanza ni mchezo wa vibonzo wa Japani uitwao Anohana. Ya pili ni filamu ya Kenya iitwayo Supa Modo.

MARAFIKI SITA WA CHICHIBU

Anohana ulipeperushwa mara ya kwanza na runinga ya Fuji ya Japani kati ya Aprili na Juni 2011, ukiwa na sehemu 11. Jina lake ni kifupisho cha sentensi ndefu ambayo kwa Kiswahili ingekuwa: bado hatujui jina la ua tuliloliona siku ile. Mwelekezi wake ni Tatsuyuki Nagai, mwandishi ni Mari Okada, na wahusika walichorwa na Masayoshi Tanaka. Studio iliyouunda ni A-1 Pictures. Mnamo 2013 ilitolewa filamu iliyojengwa juu ya hadithi hiyohiyo, na 2015 ukaigizwa upya kwa waigizaji halisi.

Ulianza kuonyeshwa muda mfupi tu baada ya tetemeko la ardhi na mawimbi ya tsunami ya Machi 11, 2011, wakati ambapo maelfu ya familia za Japani zilikuwa katika maombolezo.

Kisa chenyewe kinahusu marafiki sita wa utotoni katika mji wa Chichibu, eneo la milima kaskazini-magharibi mwa Tokyo. Mmoja wao, msichana mdogo anayeitwa Menma, alikufa maji. Wenzake watano wakatengana bila kuambiana kwa nini. Miaka kadhaa baadaye, wakiwa wanafunzi wa shule ya upili, hawasalimiani tena. Jinta, aliyekuwa kiongozi wao, ameacha kwenda shuleni na hushinda ndani ya nyumba.

Siku moja ya kiangazi Menma anamtokea Jinta. Ana umbo la msichana aliyekua, ila bado ana akili na maneno ya mtoto. Anasema ana ombi ambalo lazima litimizwe ili aende zake kwa amani, lakini amelisahau. Kwa kuwa ni Jinta pekee anayemwona, wenzake wanadhani amerukwa na akili, na mmoja anakasirika akiona jina la marehemu linachezewa.

Polepole ukweli unajitokeza. Kila mmoja wa watano hao ameishi akiamini kwamba ndiye aliyesababisha kifo hicho. Jinta aliulizwa mbele ya wenzake kama anampenda Menma, akaona haya, akamtusi kisha akakimbia. Menma alimfuata, na hakurudi. Mwingine aliona akichukuliwa na maji na hakuweza kumwokoa. Wengine walikuwa na wivu ambao, baada ya kifo, waliuona kama dhambi isiyosameheka.

Wataalamu wa saikolojia ya watoto wanalijua jambo hili vyema. Mtoto mdogo huamini kwamba neno au tamanio lake lina uwezo wa kuleta madhara. Akiwa aligombana na mwenzake juzi, na leo mwenzake amefariki, huunganisha mambo hayo mawili moja kwa moja. Asipopata mtu mzima wa kumwambia waziwazi kwamba hana kosa, hubeba hatia hiyo hadi utu uzima, bila yeyote nyumbani kuifahamu.

Mwandishi Okada mwenyewe alikulia Chichibu, na katika kumbukumbu za maisha yake zilizochapishwa 2017 alieleza jinsi alivyokaa nyumbani kwa muda mrefu akiwa mwanafunzi, bila kwenda shuleni. Ndiyo sababu chumba cha Jinta, mapazia yake na visingizio vyake vya kutotoka nje vimechorwa kwa uelewa wa mtu aliyeyaishi maisha hayo.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mzimu wa Menma si wa ajabu kama unavyoweza kuonekana kwingine. Marehemu Profesa John Mbiti, msomi Mkenya aliyefariki 2019, aliandika katika kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kilichochapishwa 1969 kwamba aliyekufa hubaki miongoni mwa 'wafu walio hai' maadamu wapo watu waliomjua na wanaomkumbuka kwa jina. Menma ni mfu wa aina hiyo. Anaishi katika kumbukumbu za watu watano, na watu hao hawazungumzi.

JO NA KIJIJI KIZIMA

Miaka saba baada ya Anohana, Kenya ilitoa hadithi yake. Supa Modo, iliyoelekezwa na Likarion Wainaina, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu la Berlin mnamo Februari 2018, katika kitengo cha filamu za watoto. Jopo la waamuzi ambao wenyewe ni watoto liliitaja kwa heshima maalumu. Baadaye mwaka huo, Kenya iliiwasilisha kuwania tuzo za Oscar katika kitengo cha filamu za lugha za kigeni, ingawa haikufika orodha ya mwisho.

Mhusika mkuu ni Jo, msichana wa miaka tisa aliyeigizwa na Stycie Waweru. Jo ana maradhi yasiyo na tiba. Anapenda filamu za mapigano na mashujaa wenye nguvu za ajabu, na ndoto yake ni kuwa mmoja wao. Mama yake, mkunga aliyeigizwa na Marianne Nungo, anamtoa hospitalini ili siku zake za mwisho azimalizie nyumbani.

Mama anataka mwanawe apumzike kitandani. Dada yake Mwix, aliyeigizwa na Nyawara Ndambia, ana wazo tofauti. Anamshawishi Jo kwamba kweli ana nguvu za ajabu, kisha anawaomba wanakijiji waigize ili mdogo wake aamini. Watu wazima wenye shughuli zao wanakubali kushiriki katika mchezo wa mtoto.

Lakini Jo si mjinga. Anajua kwamba atakufa, na anajua kwamba watu wanaigiza. Anachotaka hasa ni kitu cha kweli: kutengeneza filamu ambayo yeye ndiye shujaa wake. Kijiji kinaanza kazi. Mavazi yanashonwa na wahusika wanagawanywa. Jo anafariki kabla ya filamu hiyo kuonyeshwa, na watu wanakusanyika kuitazama bila yeye.

Hapa ndipo filamu hii inapotofautiana na nyingi zinazohusu watoto wagonjwa. Hakuna muujiza, wala hakuna daktari anayefika dakika ya mwisho. Aidha, filamu haimdanganyi mtazamaji kwamba kifo ni usingizi. Mtoto anayeitazama akiwa na rafiki mgonjwa hujifunza kwamba rafiki huyo anaweza kufa, na kwamba kabla ya hapo yapo mambo mengi ya kufanya pamoja.

Jijini Nairobi, hali kama ya Jo inafahamika vyema katika eneo la Upper Hill. Katika uwanja wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ndipo ilipo Nairobi Hospice, iliyoanzishwa 1990 kuwahudumia wagonjwa wa saratani na maradhi mengine yasiyotibika. Msingi wa huduma ya aina hiyo ni kwamba pale tiba inapofika mwisho, utunzaji haufiki mwisho. Maumivu hupunguzwa, na familia husaidiwa kusema yale yanayopaswa kusemwa mapema.

MIZIZI YA KIBERA

Supa Modo ilizaliwa katika mpango ulioanzishwa na mwelekezi Mjerumani Tom Tykwer na mkewe Marie Steinmann-Tykwer kupitia kampuni yao ya One Fine Day Films, kwa ushirikiano na kampuni ya Ginger Ink ya Nairobi. Chini ya mpango huo, vijana wa Afrika walipewa mafunzo ya kuandika, kupiga picha na kuhariri, kisha wakatengeneza filamu kamili.

Filamu ya kwanza ilikuwa Soul Boy, iliyoelekezwa na Hawa Essuman na kutolewa 2010. Ilipigwa picha mtaani Kibera, kusini-magharibi mwa katikati ya jiji, na inamhusu mvulana anayejaribu kuirudisha roho ya baba yake iliyopotea. Nyingine ni Kati Kati ya Mbithi Masya, iliyotolewa 2016, ambayo wahusika wake ni watu waliokwisha kufa lakini bado hawajayakubali waliyoyaacha nyuma.

Kibera pia ni mojawapo ya maeneo ambamo shirika la Anno's Africa limewafunza watoto muziki, uchoraji, dansi na sarakasi. Shirika hilo lilianzishwa kwa kumbukumbu ya Anno Birkin, kijana Mwingereza aliyekuwa mshairi na mwanamuziki, aliyekufa katika ajali ya barabarani mwaka wa 2001 akiwa na umri wa miaka 20. Wazazi wake walichagua kuukumbuka ujana wake kwa kuwapa watoto wengine sanaa aliyoipenda.

KAZI YA MIKONO

Ukiziweka kazi hizi mbili pamoja, jambo moja hujitokeza wazi. Katika zote mbili, wanaoomboleza hawapati nafuu kwa kushauriwa. Wanapata nafuu kwa kupewa kazi.

Katika Anohana, marafiki watano wanakumbuka kwamba utotoni walitaka kutengeneza roketi ya fataki ili kupeleka barua mbinguni. Wanaamua kwamba hilo ndilo ombi la Menma. Wanafanya vibarua kutafuta pesa na wanakwenda kuwaona wazazi wa marehemu. Mama yake Menma anawakabili kwa uchungu akiwauliza kwa nini wao wamekua na mwanawe hakukua. Roketi yenyewe si ya kubuni tu, kwa kuwa katika wilaya ya Yoshida huko Chichibu, wakazi hurusha roketi za mbao na mianzi walizotengeneza kwa mikono katika sherehe ya kila mwaka.

Hatimaye roketi inaruka, lakini Menma haondoki. Ombi lake halisi lilikuwa lingine kabisa. Mama yake Jinta, aliyekuwa mgonjwa wa kufa, alikuwa amehuzunika kwamba mwanawe hajiruhusu kulia. Menma alimwahidi mama huyo kwamba atamfanya Jinta alie. Ndipo marafiki wanapoungama mmoja baada ya mwingine, wanalia pamoja, na kumuaga mwenzao kwa mchezo wa kujificha na kutafutana, kama walivyozoea walipokuwa wadogo.

Katika Supa Modo, filamu ya kijiji ndiyo roketi. Haimponyi Jo. Inachofanya ni kuwapa dada yake, mama yake, majirani na watoto wa rika lake jambo la kufanya mikono yao ikiwa inatetemeka.

Hili halipaswi kumshangaza Mkenya yeyote aliyewahi kuhudhuria matanga. Mwenye msiba haachwi peke yake na mawazo. Kuna wanaoteka maji na wanaopasua kuni, wanaopika na wanaochimba kaburi, wanaoandika majina ya waliochanga. Kila mmoja huondoka akijua kwamba alishika sehemu yake ya mzigo. Ndiyo maana ya kifo cha wengi kuwa harusi.

Tatizo ni kwamba watoto hawagawiwi kazi yoyote. Hufukuzwa sebuleni wageni wanapofika, hupelekwa kwa shangazi, na simulizi hukatizwa wanapoingia. Watu wazima hufanya hivyo kwa mapenzi, wakidhani wanawakinga. Matokeo yake ni kwamba mtoto hubaki nje ya msiba ambao pia ni wake.

Mtoto wa chini ya miaka mitano kwa kawaida huona kifo kama safari ambayo mtu anaweza kurudi. Kati ya miaka mitano na saba, wengi huanza kuelewa kwamba aliyekufa harudi, kwamba hasikii njaa wala baridi, na kwamba kila kiumbe hatimaye hufa. Kumwambia mtoto wa umri huo kwamba rafiki yake amelala kunaweza kumtia hofu ya kulala. Kumwambia kwamba amesafiri humfanya amngoje, na baadaye amchukie aliyemdanganya.

Isitoshe, majonzi ya mtoto huja kwa vipindi. Anaweza kulia kwa dakika kumi, kisha akaomba mpira wake atoke kucheza. Wazazi huhitimisha kwamba amesahau. Hajasahau. Baada ya wiki au miezi, anaweza kuanza kukojoa kitandani, kukataa shule au kugombana ovyo, na wakati huo hakuna anayekumbuka kuuliza kuhusu rafiki aliyekufa.

PENGO LA VIBONZO

Nairobi haina upungufu wa mafundi wa vibonzo. Tinga Tinga Tales, mfululizo wa hadithi za wanyama uliopeperushwa nchini Uingereza kuanzia 2010, ulitengenezwa Nairobi katika studio ya Homeboyz. Ng'endo Mukii, msanii wa Nairobi aliyejulikana kwa filamu fupi ya Yellow Fever ya 2012, alielekeza Enkai, mojawapo ya filamu fupi za mkusanyiko wa Kizazi Moto uliotolewa na Disney mnamo Julai 2023. Katika Enkai, mtoto wa kike mwenye asili ya kiungu anamtazama mama yake akidhoofika akijaribu kuiponya dunia.

Vibonzo vina uwezo ambao filamu ya kawaida hauna kwa urahisi. Vinaweza kumchora marehemu akiwa ameketi kando ya walio hai, na mtoto akalikubali jambo hilo bila kuogopa. Kwa mtoto asiye na maneno ya kueleza alichopoteza, picha hutangulia maneno. Ufundi huo ukielekezwa kwa hadithi za marafiki waliofiwa na wenzao wa Ngando, Kibera au Westlands, hautakosa watazamaji.

Hadi hapo, mzazi au mwalimu hahitaji studio. Inatosha kutamka neno 'amekufa' kwa upole na bila kuzunguka, kumhakikishia mtoto kwamba hakuna alilosema wala kutenda lililosababisha kifo hicho, na kumruhusu kumtaja marehemu kwa jina. Kisha apewe kazi. Anaweza kuchora picha itakayowekwa juu ya jeneza, kuchuma maua, kusoma jina la mwenzake mbele ya darasa, au kupanda mti kando ya uwanja walikokuwa wakicheza.

Wahenga hawakusema kifo cha wazee wengi ni harusi. Walisema cha wengi, na mtoto ni miongoni mwao.